Kiti cha Kampuni

Vijana wa ofisini wameniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa kabla haijahamia kwenye simu. Niliwaambia sina la kuandika. Wakarudi na sahani ya halua, nami tangu lini nikakataa halua? Haya basi, someni, na atakayechoka njiani aseme amechoka, asijifanye amemaliza.

Jina langu Rukia, mzaliwa wa Malindi. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nikisajili kampuni za watu na kuzilea zisife. Cheo chake ni katibu wa kampuni. Mama yangu hakuwahi kukielewa cheo hicho. Mpaka anafariki aliwaambia majirani kuwa mwanawe ni karani wa mahakama, kwa kuwa mahakama angalau ina jengo, mtu akaliona.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi za ofisi ya Bwana Kombe, juu ya duka la kanga, nimevaa buibui jipya na viatu vya kuazima. Bwana Kombe alikuwa mtu wa Jilore, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyokulazimu usogee ndipo umsikie. Chumbani mlikuwa na viti vitatu: chake yeye, cha mteja, na cha tatu kizuri kuliko vyote, cha mvule, kimewekewa mto mwekundu. Nikajisemea, huyu mzee kaniandalia. Nikaketi.

"La, dada," akasema. "Hapo pana mwenyewe."

Niliruka kama niliyekalia kaa la moto. Nikasimama nikimsubiri huyo mwenyewe. Adhana ya adhuhuri ikapita, hakuja. Mwishowe nikauliza, "Bwana Kombe, mwenye kiti yu wapi?"

"Hajazaliwa bado," akanijibu, wala hakuinua macho. "Karatasi zake ndizo hizo unazotakiwa uzipige chapa."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama nimeajiriwa na mwendawazimu. Ilinichukua siku kadhaa kumfahamu. Kampuni, alinieleza, kwa sheria ni mtu. Si mtu wa kula na kulala, ila ana jina lake, mali yake, madeni yake, na aweza kushtaki na kushtakiwa. Anayeisajili huifahamu habari hiyo kwa siku moja tu, siku anayopewa cheti. Kesho yake keshasahau, kwa kuwa huyo mtu hamwoni, na mtu usiyemwona ni rahisi kumlia mali yake. Ndiyo sababu katika kila mkutano Bwana Kombe aliweka kiti kimoja kitupu. Wateja walicheka, wengine walisoma Ayatul Kursiyu kufukuza jini. Lakini hakuna aliyetoka pale asijue kuwa chumbani mlikuwa na mtu wa ziada.

Zana zetu zilikuwa chache. Tapureta nzito, karatasi za kaboni zilizotutia weusi vidoleni mpaka Ijumaa, na mihuri ya chuma, kila kampuni na wake, iliyotaka mkono wa mpakua mizigo kuibonyeza. Kwanza tuliomba jina. Tulilipeleka Nairobi kwa msajili wa kampuni, na likirudi limekataliwa kwa kuwa lipo, tuliomba jingine. Pwani yote ilitaka kuitwa Baraka. Jina likipita, tuliandika katiba ya kampuni, hisa ngapi na za nani, wakurugenzi ni kina nani, ofisi iko wapi. Furushi likipanda basi, nasi tulikaa tukiomba Mungu basi lisiharibike Mtwapa. Nyinyi leo mwapiga picha ya uso na kitambulisho, jina mwaliomba kwa kidole huku mwanywa chai. Siwaonei wivu. Kidogo tu.

Lililotushinda zaidi halikuwa karatasi, lilikuwa adabu. Alikuja bwana mmoja kutoka Marafa, yeye na ndugu zake, wataka kampuni ya kutembeza wageni kule bondeni. Mkurugenzi wa kwanza wamwandike babu yao.

"Babu yu wapi?" nikauliza.

"Alifariki zamani."

"Sasa atatiaje sahihi?"

Yule bwana akaniangalia kwa huruma, mtoto wa mjini nisiyefunzwa. "Mama, waweza kuandika jina la mtoto kabla ya la babu, na babu ndiye aliyetupa ardhi?" Na msidhani alikuwa peke yake. Waswahili wa mjini nao walitaka kuwatanguliza marehemu wao. Bwana Kombe hakubishana. Aliwaambia marehemu hakai kitini, ila kampuni yenyewe yaweza kubeba jina lake. Basi ikaitwa kwa jina la babu, wajukuu wakawa wakurugenzi, na siku ya cheti walikuja na mbuzi. Mbuzi alikula kona ya nakala ya katiba.

Mteja wetu aliyeniingia moyoni alikuwa Mzee Athmani. Alikuwa muuza samaki, akachoka kuona samaki wakiharibika kwa kukosa barafu, akataka kiwanda cha barafu. Siku zile sheria ilitaka watu wawili kwa uchache, naye akamwandika mkewe, Bi Mwanaisha. Karatasi zile nilizipiga chapa mimi, kampuni yangu ya kwanza kuishika toka mwanzo hadi cheti, na cheti kilipofika nilikibusu. Msinicheke.

Mzee Athmani alifurahi mpaka Bwana Kombe alipomwambia mtambo, jenereta na kiwanja viandikwe kwa jina la kampuni.

"Mali nimetoa mimi," akasema, "halafu niandike jina la mtu asiyekula wala kunywa?"

"Ndivyo. Mpe mwenyewe vyake. Siku mambo yakiharibika, mwenye kudai ataidai kampuni. Nyumba yako, sufuria za Bi Mwanaisha, hatazigusa. Hiyo ndiyo maana ya limitedi. Lakini ukivichanganya vyako na vyake, na korti nayo itavichanganya."

Mzee akakubali, kwa shingo upande. Walikuwa na watoto wawili, Faraji na Nuru. Faraji alikwenda Mombasa kwenye biashara ya magari. Nuru alimaliza shule akaingia kiwandani, akajifunza kuusikiliza ule mtambo kama mama anayesikiliza pumzi za mtoto. Ukikohoa, ajua ni ukanda au ni gesi. Baadaye babake alimpa hisa na kumfanya mkurugenzi. Nusu ya hisa akabaki nazo mwenyewe, nusu ya pili ikawa ya mkewe na Nuru. Hilo nalo alilishauri Bwana Kombe. Kampuni yenye mkurugenzi mmoja, alikuwa akisema, mkurugenzi akifa hata bili ya stima hakuna wa kuitia sahihi. Leo sheria yaruhusu mtu mmoja peke yake. Ruhusa ni ruhusa, nyinyi washaurini wateja watafute wa pili.

Harusi ya Faraji ilipofika, Mzee Athmani alipeleka mkokoteni kiwandani kuchukua barafu ya sharubati. Mimi na Bwana Kombe tulikuwa pale kwa shughuli zetu. Mapande yamekwishapakiwa, Bwana Kombe akauliza kwa ile sauti yake ya chini, "Mzee, umeiomba?"

"Nimwombe nani? Kiwanda changu!"

"Hisa ndizo zako. Barafu ina mwenyewe."

Mtume! Walibishana mpaka mkokoteni ukaanza kudondoka maji. Faraji mwenyewe, bwana harusi, alikuwa amesimama pale na kanzu yake nyeupe, uso umemvimba. "Baba, tutachekwa! Bwana harusi mzima, barafu ya kwao ainunua?" Lakini Mzee Athmani alikuwa mtu akishaelewa jambo, ameelewa. Akatoa mfukoni, akalipa, akapokea risiti kwa karani wake mwenyewe, akamwambia msukuma mkokoteni haya twende. Faraji hakumwamkia Bwana Kombe siku ile. Nami, kusema kweli, niliona mkuu wangu amepita mpaka.

Sasa niwaambie jambo ambalo hamtalipata katika mafunzo yenu: akidi, ile hesabu ya watu wanaotosha kufungua mkutano, huku Pwani hupatikana matangani. Mkutano wa mwaka utaita kwa barua, utaita kwa simu, mmoja yuko Lamu, mwingine ana mafua, wa tatu amenuniana na wa kwanza. Lakini akifa mtu, wote wafika kabla ya maiti kuoshwa. Basi mimi nilizoea kutembea na makaratasi kwenye pochi. Si siku ya maziko, sina wazimu. Siku ya hitma, watu wameshakula, nilikuwa nikijisogeza: "Poleni sana. Mungu amrehemu. Sasa madhali nyote mpo..." Watu walinitania, wakiniona naingia na pochi wanasema leo twapiga kura. Lakini taarifa zangu za mwaka kwa msajili zilikuwa hazichelewi.

Na hizo taarifa msizidharau. Ndugu fulani wa Matsangoni walikuwa na kampuni ya matofali. Walidhani kampuni ni kama mnazi, ukishaota umeota. Hawakupeleka taarifa, hawakusema wamehama ofisi, wala kwamba mkurugenzi mmoja alijiuzulu akaenda zake Uarabuni. Msajili akaandika barua kwenye ile anwani ya zamani, akakosa jibu, akawafuta. Wao waendelea kuuza matofali kwa jina la mtu aliyekwishatolewa duniani! Walijua siku waliyotaka kuuza kiwanja, mnunuzi akaichunguza kampuni, haipo. Kumrudisha ilibidi twende kortini, na wale ndugu walizeeka mbele ya macho yangu. Barua kutoka kwa msajili haziwekwi chini ya godoro, wanangu.

Bwana Kombe alipostaafu aliniachia funguo, tapureta na kile kiti. Hakunipa hotuba. Aliunyoosha tu ule mto mwekundu, niliokuwa nimeuweka upande, akashuka ngazi. Haukupita muda naye akafariki, na kwa muda mrefu baadaye, kila nikikwama, nilikuwa nikikigeukia kile kiti kana kwamba yeye ndiye aliyeketi. Nilimpenda mzee yule, sina njia nyingine ya kulisema.

Halafu akafariki Mzee Athmani. Tulimzika, tukamsomea. Arobaini ilipopita Nuru alinipigia simu analia, nikamwelewa kwa shida.

"Bi Rukia, Faraji amepata mnunuzi wa mtambo, mtu wa Kilifi. Leo jioni wagawa mirathi, kesho lori laja."

"Wewe umesemaje?"

"Niseme nini mbele ya wajomba? Fungu langu ni nusu ya lake. Wasema mtambo na jenereta vimwangukie yeye, mimi nipewe minazi ya Mambrui." Akavuta pumzi. "Mimi najua barafu, Bi Rukia. Mnazi nitauambia nini? Na wale wavuvi wanaonitegemea, na wafanyakazi wangu, niwaambie nini?"

Nilijua sheria inasemaje. Lakini sheria iko kabatini na lori liko njiani, na mtambo ukishafunguliwa vyuma na kuhamishwa, korti itakurudishia nini? Nilitia cheti cha kampuni kwenye pochi. Kabla sijafunga mlango nikaangalia kile kiti, nikauchukua ule mto mwekundu, nikaufuta vumbi, nikaubeba chini ya buibui.

Nyumbani kwa marehemu watu walikuwa wameketi mikekani: Faraji, Nuru kando ya mlango, wajomba, na Maalim aliyeombwa awasomee mafungu ya mirathi. Bi Mwanaisha alikuwa kwenye eda, yuko chumba cha ndani nyuma ya pazia. Maalim alikuwa akitaja mali ya marehemu: nyumba, shamba la Mambrui, mtambo wa barafu, jenereta...

Nikapita katikati, nikauweka ule mto mkekani baina ya Faraji na Maalim.

"Samahani, Maalim," nikasema. "Mwagawa mali, na mwenye mali hajaketi."

"Mto huo wa nani?" akauliza Faraji.

"Wa mwenye mtambo."

Mjomba mmoja akashika kichwa. "Lahaula! Marehemu alikuwa na mke mwingine?" Nyuma ya pazia Bi Mwanaisha akakohoa, na kile hakikuwa kikohozi cha mafua.

Nikaharakisha kusema ni kampuni, si mke. Faraji akacheka kwa hasira. "Bi Rukia, hayo ni maneno ya ofisini. Huyo ni mtu wa karatasi. Kiwanda kilikuwa cha baba, mji mzima wajua."

Nilikuwa na cheti kwenye pochi, ila nikakiacha humo humo. Nikamwuliza, "Faraji mwanangu, barafu ya harusi yako ilitoka wapi?"

Akauangalia ule mto.

"Ulikuwepo, umevaa kanzu. Babako aliichukua bure?"

"Aliinunua," akasema kwa sauti ndogo.

"Mtu hununua chake?"

Maalim alilifahamu jambo lile haraka kuliko nilivyotarajia. Akafunga kitabu chake. "Ikiwa marehemu mwenyewe, katika uhai wake, alikiri kuwa si chake mpaka akakilipia, sisi hatuna ruhusa kukigawa. Mirathi ni kwa mali ya maiti. Basi yeye aliacha nini, Bi Rukia?"

"Hisa zake, Maalim. Hizo zigawanyeni kwa sheria, kila mrithi fungu lake, mthibitishe kwa kadhi, nami nitaandika kila mmoja mahali pake. Mtambo ubaki na mwenyewe. Wakitaka kuuuza, waitane mkutano, wakubaliane. Mmoja peke yake hawezi."

Hapo ndipo Faraji alipolipuka, na hayakuwa ya mtambo tena. "Huyo mtu wenu!" akausonta ule mto kwa kidole. "Maisha yake yote baba alikuwa naye. Mtambo umeharibika, yuko kwake. Sikukuu, yuko kwake. Mombasa kwangu alikuja lini kulala hata siku moja? Siku ya harusi yangu alimheshimu yeye, mimi akaniaibisha!" Na akalia, mtu mzima, ana watoto. Mimi nami nililia. Nilikuwa nimekuja na hoja, sikuwa nimekuja na jibu la lile.

Jibu lilitoka nyuma ya pazia. "Faraji."

"Labeka, mama."

"Babako hakujua kupenda watu ila kwa kuwafanyia kazi. Hilo ni kosa lake, Mungu amsamehe. Lakini mimi nimefiwa na mume, sikufiwa na hisa zangu. Mtambo hauuzwi. Na wewe una fungu mle ndani, njoo uketi mkutanini alipokuwa akiketi babako, umwone huyo aliyekunyang'anya baba." Kisha akasema, "Nuru, watilie watu chai."

Lori lilikuja kesho yake kweli. Nuru akamwuzia mwenye lori barafu, likarudi Kilifi likidondosha maji njia nzima.

Miaka imepita. Faraji alikuja mkutano wa kwanza amenuna, wa pili akauliza maswali, wa tatu akatuletea gari la kusambazia barafu, la kampuni, risiti kwa jina la kampuni. Mimi nikazeeka, ofisi ikawa ya vijana, na miezi michache nyuma Nuru aliniita kwenye mkutano wa mwaka wa kiwanda, wa mwisho kwangu kabla ya kukabidhi kazi. Ilikuwa mchana wa jua kali. Nilitembea kutoka barabarani na goti langu hili bovu, nikafika nimechoka, wenyewe wameshaketi kuizunguka meza. Nikaona kiti kitupu, kimewekewa mto. Sikufikiri hata kidogo. Nikajishusha.

"La, la, Bi Rukia!" Faraji akaruka akanishika mkono. "Hapo pana mwenyewe."

Nikabaki nimeinama, nusu nimeketi, nusu nimesimama. Nikamwangalia usoni nione kama ananitania. Hakuwa akinitania. Akanivutia kiti chake yeye, akanikalisha, kisha akageuza kreti la samaki, akalikalia, akamwambia Nuru afungue mkutano.